Vyumba Vilivyozimwa kwa Utaratibu

1

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, skripti yangu ilitangaza kwamba watu mia tatu na kumi na wawili wamekufa.

Nikaendelea kunywa chai. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni Tausi Songoro, mkaguzi aliyeapishwa wa Ghala la Taswira la Kigoma, na kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi skripti, programu fupi ya ukaguzi, hupita kwenye taswira zote za diski zilizolala humu, milioni moja na ushee, kisha hunitolea orodha ya vyumba vya kufuta. Natia sahihi. Saa kumi alasiri vinafutwa, na nafasi yao inawekwa akiba kwa vijana wanaotimiza miaka kumi na minane. Maji baridi ya kutoka kilindini mwa ziwa yanapita kwenye mabomba chini ya sakafu kupoza seva, kwa hiyo mle ndani tunavaa masweta huku wenzetu nje wanajipepea.

Chumba ni jina la mtaani. Kwenye makaratasi kinaitwa mashine pepe: kompyuta nzima isiyo na bati wala nyaya, inayoishi ndani ya faili moja, ndiyo taswira. Kila mtu ana chake. Humo ndimo ilimo kazi yake, mikataba yake, vyeti vyake vya hospitali na kauli yake mbele ya sheria. Mlango wa benki hauulizi jina lako, unauliza chumba chako. Asiye na chumba hayupo. Niliwahi kumwona mtu aliyefutiwa cha kwake kwa makosa, akakaa mwaka mzima akiuthibitishia ulimwengu kwamba anapumua, huku daktari aliyemsikiliza mapigo ya moyo akimwambia samahani ndugu, siwezi kukuandika popote.

Skripti haiwashi chumba. Inafungua taswira kwa kusoma tu, inamtazama aliyelala bila kumgusa. Inasoma aina ya mfumo, jina la mwenyewe, anwani yake, na mstari wa mwisho ulioandikwa kwenye kumbukumbu za chumba. Ikiwa mstari huo umepita siku tisini, inaandika neno moja: MFU. Hata kiapo chetu wakaguzi ni kifupi namna hiyo. Nasoma, sigusi.

Mpaka mwezi uliopita zilikuwa siku mia moja na themanini. Bodi ikaona maghala yamejaa, ikatuma waraka, nami nikaifungua skripti, nikafuta 180, nikaandika 90. Sekunde nne. Nakumbuka nilipiga miayo.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshainua kiganja nitie sahihi nilipoona mistari miwili iliyofuatana. Wanawake wawili, nyumba moja, Rusimbi, Ujiji. Mstari wa mwisho wa chumba cha kwanza uliandikwa tarehe ileile na wa chumba cha pili, tofauti yao dakika tatu. Nikafikiri ni ajali, maskini, wamekufa pamoja. Nikatazama safu ya mwisho kulia, ile ambayo hakuna mtu anayeitazama, kwa sababu inaeleza tu namna chumba kilivyozimika.

Mtu akifa, chumba chake hakijui. Kinabaki wazi kikimngoja, kinapokea salamu, kinakumbusha miadi, mpaka siku ya nane mtambo unakichoka na kukilaza. Safu ya mwisho inaandika: imekatika. Vyumba hivi viwili havikuandikwa hivyo. Viliandikwa: imezimwa kwa utaratibu. Maana yake mwenyewe aliweka kiganja, akahifadhi mafaili yake, akafunga kimoja kimoja, akaaga, akazima. Sasa niambie, maiti gani ana adabu kiasi hicho?

Nikaongeza mistari mitatu kwenye skripti, nikaiagiza initolee waliozima kwa utaratibu peke yao. Walikuwa arobaini na mmoja. Wote wanawake. Wengi wao Ujiji, wachache Kigoma mjini na Uvinza. Nikaagiza tena: linganisha anwani zao na daftari la vifo. Katika kila nyumba alikuwa amefariki mwanamume, na chumba cha mwanamke kilizimwa siku ileile au kesho yake. Wanawake arobaini na mmoja, wanaume arobaini. Nikarudi kwa wale wawili wa Rusimbi. Marehemu wao alikuwa mmoja.

Nikakiweka kikombe chini.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Bibi yangu alikaa eda mbele ya macho yangu, nikimletea uji chumbani, na siku ya kwanza nilimwona akiweka kiganja ukutani akazima chumba chake. Hakuna sheikh aliyewaagiza, wala serikali. Wanawake wa kwetu walikubaliana wenyewe tangu vyumba vilipoanza: ikiwa mfiwa hajipambi, hajitii manukato, wala haendi arusini, basi na chumba chake, chenye dirisha la kuonwa na dunia nzima, nacho kifungwe. Miezi minne na siku kumi. Ukihesabu kwa mwezi wa kuandama inakuja siku mia moja na ishirini na nane hivi.

Zilipokuwa mia na themanini, eda ilipita katikati bila mtu kuiona. Sasa tumeweka tisini. Nilikuwa na vidole kumi vya kuhesabia na bibi aliyenifundisha, na bado niliandika namba ile nikipiga miayo. Nilijionea aibu mpaka masikio yakawaka moto.

2

Meneja wetu, Bwana Ntakije, ni mtu anayepiga pasi hata utepe wa kitambulisho chake. Si mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu mtu mbaya angenirahisishia siku ile.

Akanisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono juu ya meza.

"Eda," akasema. "Haya. Na waraka wa Bodi unasemaje kuhusu eda?"

"Hausemi kitu."

"Basi na mimi nitasema nini? Orodha imeshapanda kwa Bodi, Tausi. Ikishapanda haipunguzwi. Kuna kutia sahihi, kuna kukataa. Hakuna kuchagua wawili watatu."

"Wako hai, bosi. Wamekaa majumbani mwao wanahesabu siku. Watatoka eda wakute hawapo duniani."

Akainuka akaufunga mlango. Aliporudi alikuwa amepunguza sauti.

"Wewe ndiye mwenye mkono wa kuwasha taswira humu ndani, si ndiyo? Basi viwashe. Kimoja dakika moja. Kikiamka kitaandika mstari wake kwenye kumbukumbu, unakizima. Vyumba arobaini na kimoja, dakika arobaini na moja. Skripti ikipita tena itawaona wazima wa afya. Orodha mpya inapanda yenyewe, ya zamani inakufa, sisi tunakwenda kula. Mimi sijaona, sijasikia."

Nilishusha pumzi, nakiri. Nilimwona Bwana Ntakije kuwa malaika mwenye tai. Nikatoka mpaka kwenye mtambo, nikatafuta taswira ya kwanza, nikaweka kiganja karibu na kioo.

Kisha nikafikiri kitu kitakachotokea ndani ya dakika ile moja.

Chumba kikiamka hakikai kimya kikitazama dari. Kinafungua madirisha. Kinajibu salamu zilizolimbikizana, kinawaarifu wateja kwamba mwenyewe amefungua. Mtaa mzima utajua kwamba mama fulani, mjane, kabla eda yake haijaisha amefungua biashara. Na kwenye kumbukumbu zake utabaki mstari mmoja, hata baada ya miaka mia: siku hii, saa hii, nimeamka. Mbele ya sheria mstari wa chumba ni kauli ya mwenyewe. Hata kadhi hawezi kuufuta. Mwenye chumba hakuutamka, nitakuwa nimeutamka mimi kwa kinywa chake.

Nikarudi ofisini bila kubisha hodi.

"Hiyo ni kughushi," nikasema.

"Hiyo ni huruma."

"Huruma kwa nani? Kwetu sisi, ili twende kula?"

Akakunja uso. "Unataka wafutwe, basi?"

"Nataka waulizwe."

"Watu arobaini na mmoja? Saa nne hii, na mwisho ni saa kumi."

"Nitaanza na wawili wanaokaa nyumba moja," nikasema, nikavua sweta nikalitupa kwenye kiti chake.

3

Nilipiga hodi Rusimbi kwa sauti ya kike iliyonyooka, ili wajue ni mwanamke, nikakaribishwa uani. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wote wamevaa nguo nyeupe zisizo na nakshi, wanachambua mchele. Yule mwembamba, Bi Mwamvita, ndiye mke mkubwa. Ni fundi wa miguu ya bandia, na hakuna kata katika mkoa wetu isiyo na mtu anayetembea kwa kazi ya mikono yake. Mnene mwenye miwani ni Bi Faida, mke mdogo, mwalimu wa hesabu anayefundisha kupitia chumba chake watoto wa shule tisa.

"Shikamooni, mama zangu. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa," akasema Bi Mwamvita. "Songoro? Songoro wa Kasimbo au wa Kitongoni?"

"Wa Kitongoni."

"Basi bibi yako nilimjua. Alikuwa na ulimi. Kaa."

Nikakaa. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia kubaya. Nikawaambia kwamba kufikia asubuhi ya leo, kisheria, wamekufa.

Bi Faida akaangua kicheko mpaka punje za mchele zikamruka mapajani. "Mwenzangu, umesikia? Tumekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu saa mbili. Na uji tumekunywa saa tatu. Uji wa ahera huo."

"Ndiyo maana haukuwa na sukari," akasema Bi Mwamvita.

Nikawangoja wacheke wamalize. Nikawaeleza vizuri: waraka, namba, skripti, saa kumi. Nikaona Bi Faida anapiga hesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, na kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo.

"Tisini," akasema. "Wameitoa wapi tisini? Leo sisi tuna siku mia na nne. Zimebaki ishirini na nne. Nani aliyekaa akaona kwamba mtu mzima hawezi kunyamaza zaidi ya siku tisini?"

Bi Mwamvita alikuwa bado na ungo mapajani. "Ukisema kufutwa," akauliza polepole, "unasema na vipimo vya miguu?"

"Kila kitu, mama."

"Nina watu mia sita na arobaini mle. Kila goti, kila kigutu, namna kila mmoja anavyokanyaga. Wengine nimewapima tangu wadogo, nikawaongezea mguu kila walipokua. Ukimpoteza mtu mle inabidi uanze naye upya, akae na kidonda mwaka mzima mpaka mguu umkubali." Akanyoosha mkono kuelekea ukutani, ulipotundikwa mguu mmoja usio na unyayo. "Huo ni wa dereva wa treni, anakaa Kazuramimba. Anatembelea magongo tangu mwezi ule niliofiwa. Nilimwambia nitakapotoka. Akasema, mama, nitangoja."

"Hakunung'unika?"

"Anung'unike kwa nini? Mama yake naye alikaa."

Hapo ndipo nilipotoa nilichokuja nacho. Nikasema ninaweza kukiwasha chumba chake dakika moja, kwa ruhusa yake. Kitaandika mstari mmoja, atahesabiwa hai, vipimo vyote vitasalimika. Nikamweleza pia ubaya wake, kwamba kitajitangaza, na mstari hautafutika. Sikumficha kitu. Nilitaka sana akubali.

Bi Mwamvita akaweka ungo chini.

"Sikiliza, mwanangu. Nimekaa siku mia na nne. Sijatia wanja wala hina. Arusi ya mjukuu wangu imepita hapo barabarani, nikaisikia kwa masikio. Yule mzee nilikaa naye miaka thelathini na saba, na hii ndiyo heshima ya mwisho niliyobaki nayo ya kumpa. Leo nikuruhusu uandike kwa jina langu kwamba siku ya mia na nne nilifungua duka?"

"Ni kwa ajili ya miguu, mama."

"Miguu ni yangu na watu wangu, usinitishe nayo." Hakupandisha sauti. "Mimi sichagui kati ya mume wangu na wagonjwa wangu. Sijafanya kosa lolote la kunifanya nichague. Aliyekosea ndiye achague."

"Na mimi vilevile," akasema Bi Faida. "Hatukuwahi kukubaliana jambo mimi na huyu kwa miaka kumi na tisa, leo tumekubaliana. Andika hilo kwenye skripti yako."

"Mtafutwa kweli, mama zangu. Sitanii. Saa kumi."

"Atatufuta nani?" akauliza Bi Mwamvita.

"Bodi."

"Bodi ina mkono? Nakuuliza mkono. Nani anaweka kiganja?"

Nilitaka kusema mfumo. Nilitaka kusema waraka. Bi Faida alikuwa ananitazama juu ya miwani, kama anavyomtazama mwanafunzi anayelijua jibu na hataki kulisema.

"Mimi," nikasema.

"Basi usije kuniomba ruhusa mimi," akasema Bi Mwamvita, akachukua tena ungo wake. "Nenda kajiombe mwenyewe."

4

Nilirudi ghalani saa nane na nusu nina hasira na kila mtu: na Bodi, na wajane, na bajaji iliyonitoza muda wangu wote kwa kuzunguka Gungu. Zaidi nilijikasirikia mimi. Nikakaa mezani nikaandika barua kwa Bodi, nikaisoma mara moja, nikaituma kabla sijaipaka sukari.

"Skripti imekosea, na aliyeibadilisha ni mimi. Vyumba arobaini na kimoja kwenye orodha ya leo vimezimwa na wenyewe, wakiwa hai, kwa sababu wako edani. Majina yao nimeyaambatanisha. Sikuviwasha, kwa kuwa si vyangu. Sivifuti, kwa kuwa wenyewe hawajafa. Badilisheni namba."

Dakika kumi baadaye Bwana Ntakije alikuwa mlangoni, utepe wake umepinda.

"Umenisomea barua hii kabla ya kuituma?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza! Sasa Bodi wamenipigia simu mimi. Wanasema hoja yako ni nzuri, itajadiliwa kikao kijacho, miezi miwili ijayo. Lakini orodha ya leo ni ya leo. Wamemweka tayari mkaguzi wa Mpanda."

"Anangoja nini?"

"Anangoja ukatae. Unajua utaratibu. Ukibonyeza kukataa, au saa kumi ikikukuta kimya na chumba chako kiko wazi, huko ni kujiuzulu. Chumba chako kinaandika kauli, ufunguo wako unakufa, yule anaapishwa kwa dakika tano, na saa kumi kamili anatia sahihi yeye. Wanawake wako watafutwa vilevile, na wewe huna kazi. Ushujaa gani huo?" Akaketi, akajifuta uso. "Tausi, nakuomba. Viwashe. Au tia sahihi, tuwapiganie baadaye. Usikatae tu, kwa sababu kukataa hakumsaidii hata mmoja."

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimepanda ngazi zile tayari kukataa kwa kishindo, na kishindo chenyewe kingekuwa cha kunifurahisha mimi peke yangu.

Nikafungua kanuni za ghala, nikazisoma kwa sauti, kwa sababu mtu akisoma kwa sauti harukiruki. "Ufunguo wa mkaguzi haupewi mtu wa pili mpaka wa kwanza ajiuzulu kwa kauli ya chumba chake." Nikashuka mstari mmoja. "Au mpaka chumba chake kitangazwe kwamba ni mfu."

"Ndiyo. Tulishaibiwa kwa kuwa na funguo mbili. Kwa hiyo?"

"Na chumba cha mkaguzi kinatangazwa mfu lini?"

"Kama cha mtu yeyote. Siku tisi…"

Akakatiza mwenyewe. Tukatazamana. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika ishirini.

"Hapana," akasema.

"Nisipokataa, nisitie sahihi, na chumba changu kiwe kimezimwa?"

"Hapana, Tausi. Ukizima chumba chako unajua unazima nini? Mshahara. Hospitali. Mlango wa nyumba yako. Mdogo wako anaolewa Urambo wiki tatu zijazo, si ulinionyesha hata kitambaa? Treni haimpandishi mtu asiye na chumba. Na ukiwasha kabla ya wakati, hata siku moja, Mpanda anakungoja uandike kauli."

Hilo la arusi nilikuwa sijalifikiria. Mdogo wangu huyo nimemlea mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimsimamie. Machozi yalinijia, nikayaacha yashuke, sikuwa na muda wa kuyafuta.

"Bosi, ndani ya orodha kuna mama mmoja wa Uvinza aliye siku ya tisini na moja. Ndiye wa mwisho wao wote. Atatoka eda baada ya siku thelathini na saba. Mimi nina siku themanini na tisa za kunyamaza kabla hamjanifuta. Kufikia hapo watakuwa wameshafungua vyumba vyao kwa mikono yao, wote, na kikao chenu kitakuwa kimeshakaa."

"Nitakuripoti."

"Ripoti. Uandike vizuri: imezimwa kwa utaratibu."

Nikaenda mtamboni, naye nyuma yangu, lakini hakunishika mkono. Sijui kama hakuthubutu au hakutaka. Nikamtumia mdogo wangu maneno mawili ya kuomba radhi na matatu ya mapenzi. Nikahifadhi mafaili. Nikafunga kimoja kimoja: kazi, benki, hospitali, picha za bibi. Sijapata kukifunga chumba changu tangu nipewe, na nilishangaa jinsi kinavyouliza kwa upole, una hakika, mara tatu. Nikajibu ndiyo mara tatu, nikaweka kiganja.

Taa ndogo ya kijani ikazimika.

Tulikaa pale pale. Saa kumi kamili mtambo ukatafuta sahihi ya mkaguzi. Ukatafuta tena. Kwenye kioo kikubwa yakatokea maandishi: Sahihi haikupatikana. Mkaguzi hajakataa. Orodha inangoja. Kisha skripti yangu, ambayo siku ya orodha hupita tena saa kumi bila kuagizwa, ikaongeza mstari mmoja chini: Songoro, Tausi. Imezimwa kwa utaratibu. Kimya: siku 0.

Simu ya Bwana Ntakije ikaanza kulia. Akaitazama ikilia.

"Geti halitakufungukia," akasema. Akanitangulia ngazini, akashuka nami mpaka nje, akaweka kiganja chake mwenyewe getini, nikapita. Hakuniaga. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama na simu mkononi, hajapokea.

Bajaji hazikunibeba, kwa hiyo nilitembea. Kwangu nisingeingia, na kwa jirani ningeulizwa maswali. Miguu ikashika njia ya Ujiji bila kuniuliza. Jua lilikuwa bado kali, na katika barabara yote ile hakuna kioo kilichonisalimu kwa jina langu, wala tangazo lililojua napenda nini. Niliogopa. Nilitembea hivyo hivyo na woga wangu mpaka Rusimbi.

Bi Faida ndiye aliyefungua. Akanitazama vumbi lililonipanda mpaka magotini.

"Umetufuta?"

"Sijawafuta. Nimezima cha kwangu."

Akageuza kichwa akamtazama mwenziwe uani. Bi Mwamvita akainuka kutoka kwenye mkeka, jambo ambalo hakulifanya asubuhi, akanijia, akanishika mikono yote miwili kama anavyoshikwa mtu aliyefikwa. Kwao mwanamke aliyezima chumba ana maana moja tu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nani amekufa kwako?"

"Hajafa mtu, mama," nikasema. "Wala hafi mtu."